Ploti Juu ya Chemchemi

Jumatatu, 6 Mei 1996

Dada Chelimo, katika barua yako ya Pasaka ulilalamika kwamba barua zetu zote ni moja: sisi wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha, tuombee. Ulisema ukimaliza kuzisoma hujaona hata uso wa mtu mmoja. Basi leo shule imefunguliwa muhula wa pili, na nimeanza daftari hili kwa ajili yako. Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, hata yale ambayo Baba hatapenda uyajue, hata yale yatakayoniaibisha mimi mwenyewe. Mwezi wa nane tukifunga shule nitalitia kwenye bahasha ya kaki na kulikabidhi kwa dereva wa basi la Nairobi.

Nianze na mji, maana hutautambua. Tangu Kapsinendet ifanywe makao makuu ya wilaya mpya, kila Jumatatu tunakuta nyumba ambayo Ijumaa haikuwepo. Mabati mapya yanaumiza macho. Tuna benki, tuna ofisi ya D.C. yenye bendera, tuna lojing'i za ghorofa, na baa ambazo Mama ametukataza hata kusoma majina yake. Kitu ambacho hatuna ni mfereji. Maji machafu ya mikahawa yanajipitia katikati ya barabara, na makarani wenye viatu vizuri wanaruka kama wana-mbuzi. Takataka za soko hutupwa nyuma ya vibanda mpaka mvua izichukue, na hakuna anayeuliza mvua inazipeleka wapi.

Bomba la baraza la mji, lile lililofunguliwa kwa hotuba na keki, lilitoa maji wiki moja tu. Siku hizi watu wanafungia punda hapo. Kwa hiyo mji mzima, pamoja na shule yetu, bado unakunywa ile chemchemi ya chini ya soko, palepale ulipokuwa ukiniosha miguu kabla ya kanisa.

Jumatano, 8 Mei

Mvua ya mawe saa tisa. Chai ya upande wa mtoni imechanika kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu Nyaberi, anayetufundisha Kiswahili darasa la saba, alitupa insha: "Maendeleo ya Mji Wetu." Mimi niliandika kurasa tatu kuhusu benki, umeme na makao makuu, nikapata kumi na saba kwa ishirini. Molly, jirani yangu wa dawati, aliandika sentensi moja: "Maendeleo ya mji wetu ni kwamba punda sasa wana mahali pa kufungwa."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwambia, "Molly, ukweli peke yake si insha. Nenda upange aya."

Molly ni binti wa Obonyo, dereva wa greda ya baraza la mji. Walitoka upande wa ziwa akiwa mtoto mchanga, na anajua Kipsigis kuliko anavyokubali. Wanakaa nyumba za wafanyakazi nyuma ya stoo ya baraza. Mama yake, Wilkista, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni.

Jumapili, 19 Mei

Baada ya ibada Diwani Kipsang alimvuta Baba kando, karibu na matangi ya kanisa, wakaongea muda mrefu. Baba alirudi nyumbani anaimba pambio. Aliingia jikoni na buti zake za matope.

"Mama Chelimo, weka chai ya maziwa matupu. Leo unamwandalia mtu wa mjini."

Mama alimtazama miguu. "Mtu wa mjini yuko wapi? Mimi naona mtu ameniletea udongo."

"Nimepewa ploti! Hapo karibu na soko, chini kidogo. Tayari iko na namba."

"Umepewa kwa sababu gani?"

"Kwani lazima iwe na sababu? Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule, ni mzee wa kanisa, nimezaliwa hapa. Watu wanatoka mbali huko wanapewa. Mimi nikipewa unauliza sababu kama polisi!"

Akasema bonasi ya chai ikitoka ataanza msingi. Maduka chini, vyumba juu. Kodi ya vyumba ndiyo itakayonilipia karo ya sekondari, tena ya bweni, si ile ya kutembea. Alinishika kichwa akasema, "Chemutai, shule yako inatoka kwa hiyo ploti."

Nimeahidi kuandika kila kitu. Nilifurahi, dada. Nililala nikijiona nina kitanda changu, sanduku langu na kufuli yake.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua. Daraja la miti la njia ya kituo cha majani limechukuliwa na maji, kwa hiyo lori halikufika. Tulirudisha chai nyumbani imeshaanza kuwa nyekundu.

Jumatano, 29 Mei

Leo ilikuwa zamu yetu, mimi na Molly, kuchota maji ya jikoni ya walimu. Tulikuta chemchemi imezungukwa na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Kimoja kimepigwa ndani ya jicho lenyewe la maji. Maji yalikuwa yakibubujika kandokando yake kama mtoto anayezungumza na chakula mdomoni.

Wanawake walikuwa wamesimama na mitungi mitupu. Wilkista ndiye aliyeuliza, "Sasa hii ni ya nani?"

Mama mmoja wa sokoni akajibu, "Si ni ya Bethwel! Bethwel mwenyekiti, baba wa huyu."

Hakuna aliyenitukana. Walinipisha nichote kwanza, kama mgeni. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilimngoja Baba atoke kukamua, nikamwuliza kwa adabu kama anajua ploti yake iko wapi hasa.

"Naijua."

"Baba, iko juu ya chemchemi."

"Kwenye ramani hakuna chemchemi. Nimeiona kwa macho yangu ofisini. Kuna mraba, kuna namba, kuna barabara ya mita tisa."

"Lakini maji yapo, Baba. Tunakunywa."

"Hiyo ramani imechorwa Nairobi na watu wamesoma kukushinda. Na bomba litarekebishwa, Diwani ameahidi. Mji hauwezi kunywa kwa kata milele."

Nilitaka kumwambia habari ya punda. Nikachukua ndoo ya maziwa nikaingia nayo jikoni.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Diwani alihutubia uwanjani. Alisema anayepinga ujenzi anapinga serikali. Watu wakapiga makofi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Jumanne, 11 Juni

Akina mama walikuja kwa bibi yetu Kogo mchana na kibuyu cha maziwa. Walipita mbele ya nyumba yetu bila kuingia, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwake nyuma ya zizi. Mama alijifanya anachambua maharagwe. Walikaa mpaka ng'ombe wakarudi. Kogo hakutuambia neno, na Baba hakuuliza. Kama angeuliza!

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Asubuhi nilishuka kuchota na Molly. Tulikuta Kipkurui, fundi wa msingi, na vijana wake wameshaanza kuchimba upande wa juu wa chemchemi. Udongo ulikuwa umeanza kuteremka na maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Baba alisimama hapo na koti lake la kanisa juu ya buti. Diwani Kipsang alikaa ndani ya Peugeot yake, mlango wazi, mguu mmoja nje, anatafuna njugu.

Kogo alikuja kwa njia ya sokoni. Nyuma yake walikuwa wanawake, wote na mitungi mitupu. Hakupiga kelele. Unamjua, akikasirika sauti yake hushuka. Alifika kwenye ukingo wa mtaro, akaingiza mkono chini ya kitambaa chake, akafungua leketiet.

Sidhani umewahi kuiona kwa karibu. Ni ule mshipi wa ngozi wenye kauri, aliokuwa akijifunga tumboni kila alipojifungua, tangu mtoto wa kwanza mpaka Baba. Mafuta ya miaka yote yameifanya nyeusi. Aliitandaza kwenye nyasi, kati ya wachimbaji na maji, akainyoosha kama mtu anayetandika kitanda. Kisha akasimama kando na fimbo yake.

Unajua maana yake. Wanaume wakipigana na mama akitandaza mshipi wake katikati, vita vimekwisha. Anayeuvuka hakuna wa kumsafisha, na mbaya kuliko wote ni yule aliyezaliwa ndani yake.

Kipkurui aliweka jembe chini. "Mimi nimeacha, mzee Bethwel."

"Umeacha nini? Kazi hata haijafika magotini!"

"Huyo si mama yangu na bado nimeogopa. Wewe sijui unajisikia aje."

Diwani alitoka kwenye gari. Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Mama, hizi ni siku za kompyuta. Toa hiyo kamba ya ng'ombe tufanye maendeleo."

Kogo hajui Kiswahili, au hujifanya hajui. Alimjibu kwa Kipsigis: "Kamba hii ya ng'ombe ndiyo iliyonishika kiuno mpaka huyu mwenyekiti wako akajifunza kusimama. Wewe yako mama yako aliiacha wapi, mbona unaonekana kama mtu aliyeokotwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Molly aliniuliza, "Amesema nini mwisho?" ingawa alikuwa amecheka kabla yangu.

Baba hakucheka. Alisogea mpaka ncha ya buti yake ikawa karibu na kauri ya kwanza. "Mama, mbona unaniaibisha mbele ya watu?"

"Sijakuaibisha, mwanangu. Nimekuonyesha mahali pa kusimama."

"Ni yangu kwa sheria. Nina namba."

"Namba hiyo inanyweka?"

Mvua ilianza na hakuna aliyekimbia kujikinga. Nilimtazama, na nitakuambia nilichokuwa nikiomba moyoni: sikujua. Nusu yangu ilikuwa imeshika mtungi pamoja na wale akina mama. Nusu nyingine iliona kitanda changu cha bweni kikibebwa na yale maji mekundu, na ilimkasirikia Kogo. Mwishowe Baba aligeuka, akapanda njia ya nyumbani bila kofia.

Kogo aliokota leketiet, akaipangusa matope kwa kitambaa chake, akajifunga. "Choteni sasa," akasema.

Jumapili, 16 Juni

Baba hakwenda kanisani. Mama alipika mara mbili, sahani moja kwa Kogo na moja kwa Baba, akala amesimama mlangoni katikati yao.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua ya mawe mbaya kuliko zote. Ilipiga kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati. Ilipokwisha, chai ilikuwa vijiti tu. Baba alitembea katikati ya mistari akiokota majani yaliyoanguka na kuyatupa tena. Hakuna kuchuma kwa wiki kadhaa. Nilimpelekea chai akasema, "Asante, mama," kama anavyoniita akiwa na huzuni.

Ijumaa, 28 Juni

Barua yako imefika. Nilimsomea Kogo huku nikitafsiri. Nilimsomea jinsi maji huko kwenu yanatoka mara mbili kwa wiki na mnanunua kwa mkokoteni bila kujua yametekwa wapi. Nikamsomea habari ya zile nyumba za mtaa wenu zilizojengwa juu ya kijito, na jinsi masika haya kijito kilirudi kupitia milangoni, kikatoka na viatu na sufuria za watu.

Kogo aliniambia nirudie hapo. Nikarudia.

"Kumbe hata mji mkuu umelala juu ya maji," akasema. "Na wale waliolala juu yake ndio wanaotuchorea ramani."

Jumanne, 2 Julai

Baba ameiuza ploti.

Alituambia wakati wa chakula cha jioni, akitazama ugali. Ameihamisha kwa bwana mmoja wa Nairobi anayeitwa Lazarus, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Diwani ndiye aliyeleta mnunuzi, siku chache tu baada ya mvua ya mawe. Sasa naelewa kwa nini Baba alipewa ploti ile tangu mwanzo. Mwenyekiti wa kamati ya shule ndiye mtu pekee ambaye angeandika malalamiko kwa ajili ya maji ya shule, na mtu haandiki malalamiko dhidi ya jina lake.

Mama alisema, "Na sasa tutakunywa wapi?"

"Mimi sikuvuka mshipi wa mama," Baba akajibu. "Mtu yeyote asiniambie nilivuka."

Alikwenda mwenyewe kumwambia Kogo, nikamfuata na taa. Kogo alikuwa akitengeneza maziwa ya mursik, anasugua kibuyu kwa mkaa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua.

"Kwa hiyo hukuvuka."

"Sikuvuka, mama. Nilikuheshimu."

"Sawa. Umelaza gogo juu ya mto, ukasimama kando, ukasema hukuvuka. Wengine wapite."

Dada, mimi nilifundishwa kumheshimu Baba na namheshimu. Lakini usiku wa leo nilipokuwa nikimmulikia njia, niliona anatembea kama mtu aliyebeba kitu ambacho hawezi kukitua mbele ya watu. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jumatatu, 8 Julai

Mwalimu Nyaberi aliniuliza kama maji ya shule yataendelea. Nikasema sijui. Akasema, "Na mwenyekiti anajua?" Nikasema mwenyekiti ni baba yangu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Jumatatu, 15 Julai

Nimetoka kuosha miguu. Nina mengi.

Zamu yetu ya maji tena. Tulipokaribia, Molly alisimama ghafla akasema, "Hiyo ni greda ya baba." Ilikuwa inashuka taratibu, ya njano, magurudumu makubwa yakikanyaga vibanda vya nyanya vilivyokuwa pembeni mwa barabara. Obonyo alikuwa juu yake. Mbele, Diwani Kipsang alitembea kinyumenyume akimwongoza kwa mikono kama anayeita ndege.

Kogo alikuwa ameshafika. Sijui nani alimwambia. Leketiet ilikuwa chini tayari, kwenye nyasi zilezile, na wanawake walikuwa nyuma yake. Wilkista alikuwa miongoni mwao, beseni la omena bado kichwani.

Nilielewa hesabu ya Diwani. Kipkurui ni Mkipsigis, aliogopa. Baba ni mwana wa mshipi, hakuweza. Basi walete mtu wa ziwa, ambaye kwake huo ni mshipi tu.

Greda ilisimama hatua chache kabla. Obonyo aliangalia chini kutoka juu. "Hiyo ni nini iko chini?"

"Kamba," Diwani akasema. "Endelea."

"Kogo," Obonyo akaita, akivua kofia, "ni yako?"

Kogo akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa bila tafsiri.

"Obonyo, nimesema uendelee! Si mshipi wa mama yako!"

"Ndiyo hiyo sasa, mheshimiwa." Obonyo alizungumza polepole kama mtu anayeeleza bei. "Akivuka Bethwel, ni maneno ya boma lao, watachinja kondoo waongee. Nikivuka mimi, kesho itasemwa ni Mjaluo amekanyaga mama wa watu. Wewe utakuwa kwa ofisi. Mimi nitakuwa wapi? Hiyo moshi ya juzi bado iko kwa nguo yangu."

Unakumbuka mwaka ule nyumba za watu wa ziwa zilipochomwa, dada, tukawaficha kina Apiyo kwenye stoo ya majani. Watu wazima wote pale walikuwa wanakumbuka, nikaona wengine wanatazama chini.

"Hiyo ni amri ya baraza," Diwani akasema.

Obonyo alizima injini. "Basi mashine imeharibika."

"Imeharibika saa ngapi? Imetembea sasa hivi!"

"Mashine za serikali, mheshimiwa, zinakufa bila kuaga."

Kicheko kililipuka. Wilkista alicheka mpaka akalazimika kushika beseni kwa mikono miwili. Diwani alimwelekezea Obonyo kidole na kumwambia atajuta kumjua. Obonyo aliteremka, akazunguka leketiet kwa mbali, akainama kwenye chemchemi na kunywa kwa kiganja. Molly alikuwa kando yangu. Hakucheka. "Nyumba yetu ni ya baraza," akaniambia.

Jumanne, 16 Julai

Molly hakuja shule.

Jumatano, 17 Julai

Obonyo amehamishwa. Anapelekwa kambi ya barabara upande wa Mulot, na nyumba wametakiwa kuiacha kabla ya Jumamosi.

Jumamosi, 20 Julai

Walipakia vitu kwenye trekta. Godoro, jiko, kabati lisilo na mlango, beseni za Wilkista. Baba alikuja bila kuitwa. Alibeba kabati mgongoni peke yake mpaka barabarani, akalifunga kwa kamba zake za ng'ombe, akamwambia Obonyo asizirudishe.

"Asante, mwenyekiti," Obonyo akasema.

"Usiniite hivyo."

Obonyo alimtazama. "Nikuite aje basi?"

Baba alikaza fundo la mwisho la kamba. Walishikana mikono.

Molly aliniambia huko Mulot watu wana ng'ombe wengi na maji machache, kwa hiyo atakuwa mtaalamu. Kisha akaanza kulia, nami nikalia, na trekta likaondoka.

Jumatatu, 22 Julai

Nakaa peke yangu kwenye dawati. Leo Mwalimu Nyaberi alirudisha insha zote za muhula. Ya Molly hakuwa na wa kumpa, akanipa mimi. Chini ya ile sentensi moja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "Ipangwe aya", kisha akaifuta kwa mstari.

Alhamisi, 25 Julai

Mkutano wa kamati ya shule. Baba aliondoka mapema, akarudi amechelewa. Alituambia amejiuzulu uenyekiti, lakini kabla ya kutoka aliwaandikia malalamiko kwa mkono wake kwamba ploti ile ni maji ya shule, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea kuipokea. Baadhi ya wazee hawakutaka kutia sahihi. Walimwambia, "Bethwel, umekula, sasa unatufundisha kufunga." Alisema walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mama alimpakulia chakula, akakaa chini kula naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Jumanne, 30 Julai

Habari imefika kwamba Bwana Lazarus ataleta mashine yake mwenyewe kutoka Nairobi, na askari, katikati ya mwezi wa nane. Dereva atakuwa mtu asiyejua hata jina la mji huu. Malalamiko yamepelekwa kwa ofisi ya baraza, ofisi ya baraza imesema ploti ilitolewa na wilaya, wilaya imesema karatasi zilitoka Nairobi. Kila mtu ametuonyesha mlango wa jirani yake.

Maji bado yanatoka. Yale mekundu yametulia, nikayaona mawe ya chini tena.

Ijumaa, 2 Agosti

Tumefunga shule. Nimekuwa wa tatu. Hilo si la muhimu leo.

Jioni Kogo alikuja nyumbani kwetu, yeye asiyekuja tangu ile Jumamosi ya mwezi wa sita, akakaa kwenye kiti cha Baba. Baba akakaa kwenye kigoda. Kogo akasema kwamba kama karatasi zilitoka Nairobi, basi atakwenda Nairobi kutandaza leketiet mlangoni mwa ofisi ya ardhi, na mimi nitakwenda naye kumtafsiria.

Baba alijaribu kumkataza kwa upole. "Mama, ile ofisi si kama huku. Ni jumba. Ukiziba mlango mmoja, wakubwa wanatoka kwa mwingine. Nimeenda huko, nimekaa kwenye benchi siku nzima namngoja mtu ambaye alishatoka."

Mimi nikaongeza, kwa sababu nilidhani ni haki ajue, kwamba watu wa Nairobi hawajui leketiet ni nini. Wanaweza kuikanyaga tu wakienda kula chakula cha mchana.

"Hao watu walizaliwa na nani?" Kogo akaniuliza.

Baba akainamisha kichwa, nikadhani ana huzuni, kumbe anacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akasema kama Kogo ameamua, atatupeleka mwenyewe, na akifika huko atasema mbele ya yeyote atakayemsikiliza kwamba jina la kwanza kwenye ploti lilikuwa lake na halikupaswa kuwepo. Ataingia kwa mlango utakaoachwa wazi.

Akina mama wa sokoni wameshasikia. Wanaume wengi wanacheka, lakini wanawake wanne wakubwa wamekuja kusema mishipi yao ipo, imekaa tu darini ikila moshi. Mama, ambaye alifunga ndoa kanisani na hakuwahi kuvaa leketiet, alimwuliza Kogo kwa aibu kama leso aliyotubebea mimi na wewe inaweza kuhesabiwa. Kogo aliinyoosha, akaivuta kuona kama ina nguvu, akasema inaweza.

Kwa hiyo, dada, daftari linaisha hapa, na basi linaondoka kesho asubuhi. Tunataka kuja kabla ya tarehe kumi na mbili, na hatutaki kuja na mishipi pungufu. Ukipata hili, usingoje mwisho wa wiki. Nenda mpaka kwenye hiyo ofisi ya ardhi, uizunguke yote kwa miguu, kisha umpe dereva huyuhuyu jibu anaporudi: ina milango mingapi, ukihesabu na ule wa nyuma?